Kabla hujauza kiwanja ili mwanao awe rubani

Wazazi wengi wakisikia neno rubani huwaza shirika kubwa la ndege. Lakini marubani wengi wa Afrika Mashariki hupata mshahara wao wa kwanza kwenye ndege ndogo, na njia ya kuufikia ina bonde ambalo familia nyingi hulikuta fedha zikiwa zimeshakwisha.

Asubuhi katika Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo, kazi huanza mapema. Rubani kijana huizunguka ndege yake ya Cessna Caravan yenye injini moja, akikagua matairi, mabawa, propela na mafuta. Abiria wakifika, mabegi yao huwekwa kwenye mizani. Kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa kila mtu, na begi linatakiwa liwe laini ili liingie kwenye sehemu ya mizigo iliyo chini ya tumbo la ndege.

Mara nyingi kijana huyo huyo ndiye anayewapandisha abiria, kuwaonyesha namna ya kufunga mikanda, kuwaeleza mlango wa dharura ulipo, kisha kwenda mbele na kurusha ndege. Baada ya kama saa moja hutua Seronera, katikati ya Serengeti, kwenye safari ambayo kwa gari ingechukua karibu siku nzima. Hufungua mlango, hushusha mizigo, huaga, hupakia abiria wengine na kuondoka tena.

Huyo ni rubani wa kulipwa, mwenye leseni ya biashara na dhamana ya roho za watu 10 au 12 mgongoni. Hata hivyo, huko nyumbani mara nyingi bado husemwa kwamba kijana "anasubiri kupata ndege kubwa", kana kwamba anachofanya sasa ni kupoteza muda tu.

Mtazamo huo huigharimu familia kwa namna mbili. Unamvunja moyo kijana ambaye tayari ana kazi. Pia unamfanya mzazi alipie masomo kwa kuangalia mlango mmoja tu, wakati milango iliyo wazi ni mingine.

Anayelipa ni nani?

Kwanza ni utalii. Viwanja kama Seronera na Kogatende ndani ya Serengeti, au Msembe katika Hifadhi ya Ruaha, huhudumiwa na ndege ndogo zinazoweza kutua kwenye njia fupi. Visiwa navyo vina safari nyingi: kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama dakika 20 angani, na ziko safari za Pemba na Mafia. Kenya ina kazi kama hiyo kati ya Uwanja wa Wilson jijini Nairobi na viwanja vya Maasai Mara, Samburu na Amboseli.

Pili ni wagonjwa. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo inajulikana kama AMREF. Ndege zake huondoka Wilson kwenda kuchukua majeruhi na wagonjwa mahututi. Rubani wa kazi hiyo huweza kuamshwa usiku wa manane, akaruka akiwa na daktari na muuguzi nyuma yake.

Tatu ni misaada. Huduma ya anga ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya misaada ya kibinadamu, inayosimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, hukodi ndege kutoka kampuni binafsi kupeleka wahudumu na dawa maeneo kama Sudan Kusini na Somalia. Yako pia mashirika ya kimisheni yenye ndege zao. Mzazi ajue kwamba baadhi ya mashirika hayo humtaka rubani atafute wafadhili wa kumtegemeza badala ya kumlipa mshahara wa kawaida.

Nne ni kilimo. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, hutumia ndege kunyunyizia dawa dhidi ya nzige na kwelea kwelea wanaomaliza mpunga na mtama. Nzige walipovamia Kenya mwaka 2020, ndege ndogo zilikuwa miongoni mwa silaha kubwa za kupambana nao.

Tano ni hifadhi za wanyama, ambazo huhitaji marubani wa kufanya doria dhidi ya majangili na kuhesabu wanyama. Sita ni ndege za watu binafsi, za kampuni na za wageni wanaokodi. Saba ni vyuo vya urubani vyenyewe, ambako wakufunzi hulipwa kuwafundisha wanaoanza.

Kazi hizi si ngeni katika ukanda huu. Mwaka 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege Nairobi, na jina lake ndilo linalobebwa na Uwanja wa Wilson hadi leo. Katika miaka ya 1930 Beryl Markham alijipatia riziki akirusha ndege kutoka Nairobi, akibeba abiria na barua, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Alifanya hayo kabla ya mwaka 1936, aliporuka peke yake kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Kazi ambayo malezi huonekana

Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na Wilson uko karibu mita 1,690. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Bawa hushika hewa kidogo na injini hupungua nguvu. Ndege iliyoruka kirahisi saa 1 asubuhi huhitaji njia ndefu zaidi kuondoka saa 8 mchana ikiwa na mzigo ule ule.

Ndiyo maana mizani ile ya Kisongo si urasimu. Na ndiyo maana mtihani mkubwa wa rubani kijana mara nyingi huja kabla hata hajawasha injini. Abiria mwenye fedha ana begi la kilo 30 na anataka liingie. Meneja wa kambi anapiga simu akisema wageni wamechelewa, wasubiriwe, ingawa wingu jeusi linakaribia. Kijana wa miaka 23 anatakiwa kusema hapana kwa heshima, kwa mtu mwenye umri wa baba yake, na asiyumbe.

Mtoto aliyelelewa kwamba mdogo habishani na mkubwa kwa hali yoyote atapata taabu hapo. Mzazi anayemwandaa mwanawe kwa kazi hii anaweza kuanza mapema nyumbani, kwa kumzoesha kueleza sababu zake na kusimamia ukweli bila kukosa adabu.

Hatari zipo, na hazifai kufichwa mezani. Katika viwanja vya porini, swala au pundamilia huweza kuwa kwenye njia, hivyo rubani hupita chini mara moja kuangalia kabla ya kutua. Ndege wa angani ni tishio jingine. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliendelea kuipigania Serengeti, na alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mwanawe.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kuhusu usalama haonyeshi woga wala kutomwamini mwanawe. Anauliza swali ambalo kampuni makini lazima iwe na majibu yake: matengenezo hufanywa na nani, rubani hupumzika saa ngapi, na anayekataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa hutendewaje.

Bonde la baada ya leseni

Hapa ndipo familia nyingi huumia.

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya urubani binafsi hutolewa kuanzia umri wa miaka 17, baada ya angalau saa 40 za kuruka. Hiyo haimruhusu mtu kulipwa. Leseni ya biashara, ambayo marubani huiita CPL, huanzia miaka 18, na huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 ikiwa mwanafunzi amepitia kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, inayohitajika kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, huanzia miaka 21 na saa 1,500.

Familia huandaa sherehe siku ya CPL. Picha hupigwa, keki hukatwa. Kesho yake kijana anaanza kupeleka barua za maombi na kukuta kwamba waajiri wanataka mtu mwenye saa 500, au zaidi. Mara nyingi mwajiri hana hiari, kwa kuwa kampuni ya bima ndiyo inayopanga idadi ya saa ambazo rubani lazima awe nazo kabla ya kukabidhiwa ndege yenye abiria. Kwa mikataba ya misaada, masharti huwa makali zaidi.

Kati ya saa 200 na zile 500 kuna bonde. Wapo wanaolivuka kwa mwaka mmoja, wapo wanaokaa humo miaka kadhaa wakifanya kazi nyingine, na wapo wasiolivuka kabisa.

Njia ya kulivuka kwa kununua saa ni ghali. Kwa mfano wa hesabu tu, ndege ya mafunzo ikikodishwa kwa dola 200 kwa saa, saa 100 ni dola 20,000. Saa 300 ni dola 60,000. Fedha hizo zinakuja juu ya zile zilizotumika kupata leseni, ambazo tayari ni makumi ya maelfu ya dola.

Iko njia ya kulipwa ukiwa unavuka. Kijana huongeza cheti cha ukufunzi wa urubani baada ya CPL, akaajiriwa na chuo. Kila saa anayomfundisha mwanafunzi huandikwa kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, na mwisho wa mwezi anapata chochote. Zaidi ya hapo, anayefundisha hujifunza upya, kwa kuwa hakuna kitu kinachoonyesha udhaifu wa mtu kama kumweleza mwingine.

Njia nyingine ni kuanza chini ndani ya kampuni yenyewe. Wapo vijana wanaoanza kwenye ofisi ya uendeshaji, wakipanga safari, kupima mizigo na kupokea simu za viwanja. Wakati nafasi ya kukaa kiti cha kulia inapotokea, tayari wanajulikana kwa tabia na kwa kuwahi kazini. Katika kazi ambayo watu wanajuana kuanzia Kisongo hadi Wilson, jina zuri hutangulia barua ya maombi.

Mzazi ajihadhari na anayedai fedha ili kijana akae kiti cha kulia na kujazia saa. Kijana mwenye leseni ya kulipwa anayelipa ili afanye kazi anakuwa amegeuzwa kuwa mteja. Tofauti na hilo ni mkataba ambao kampuni hugharamia mafunzo ya ndege fulani, na rubani huahidi kubaki kwa miaka miwili au mitatu. Huo ni wa kawaida, ila usomwe wote kabla ya kutia saini, hasa kipengele kinachoeleza deni litakuwa kiasi gani akiondoka mapema.

Anzia kwa daktari

Kosa linaloweza kuepukwa kwa gharama ndogo kabisa ni hili: kulipa ada kabla ya kupima afya. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Hupimwa macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo, na historia ya magonjwa kama kifafa. Kwa aliye chini ya miaka 40 cheti hudumu miezi 12, kisha hupimwa tena, mwaka hata mwaka.

Miwani peke yake haimzuii mtu. Kinachotazamwa ni kama anaona vizuri akiwa ameivaa. Lakini tatizo la rangi au la moyo likigundulika baada ya nusu ya ada kulipwa, hakuna wa kurudisha fedha. Kipimo kifanyike kwanza, hata kabla ya kutafuta chuo.

Shuleni, masomo ya kuzingatia ni Fizikia, Hisabati na Kiingereza. Kiingereza kina mtihani wake maalumu wa mawasiliano ya redio kwa marubani wa safari za kimataifa, wenye ngazi sita, na kiwango cha chini ni ngazi ya nne.

Fedha huja kwa misimu

Mshahara wa rubani wa ndege ndogo hutofautiana sana kulingana na kampuni, aina ya ndege na saa alizonazo. Jambo la kuuliza ni muundo wake: kuna kiasi kisichobadilika kila mwezi, au malipo hutegemea saa alizoruka?

Swali hilo ni muhimu kwa sababu utalii una misimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndege hazitulii. Mvua za masika zikianza, baadhi ya kambi hufungwa na viwanja vya udongo hugeuka matope. Rubani anayelipwa kwa saa ataona mwezi wa Aprili tofauti kabisa na wa Agosti. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, ndege za watalii zilikaa chini kwa miezi, na waliobaki na kazi wengi walikuwa wale wa mizigo, wagonjwa na nzige.

Maisha ya nyumbani nayo yana sura yake. Rubani wa watalii anaweza kulala kambini wiki nzima. Wa misaada anaweza kukaa nje ya nchi wiki kadhaa mfululizo, kisha akarudi kupumzika. Mchumba na wazazi wakijua hayo mapema, ugomvi hupungua.

Msichana wa Kigoma

Anayetaka kuona umbali ambao njia hii inaweza kumfikisha mtu amwangalie Susan Mashibe. Akiwa mtoto mdogo Kigoma aliona ndege ikiondoka na wazazi wake, yeye akabaki, na akatamani kuwa mrushaji wa ndege. Alisoma Marekani na kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata vyeti vya mamlaka ya anga ya nchi hiyo vya urubani na vya ufundi wa ndege, vyote viwili.

Aliporudi nyumbani hakuishia kusubiri kiti katika shirika kubwa. Mwaka 2003 alianzisha kampuni ya kuhudumia ndege binafsi zinazotua Tanzania: vibali, mafuta, mahitaji ya abiria na wafanyakazi wa ndege. Leo inajulikana kama VIA Aviation. Jambo la kujifunza kwake ni ule ujuzi wa pili. Rubani mwenye ufundi, ukufunzi au ujuzi wa uendeshaji ana pa kushika siku ambazo kuruka kumepungua.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi akifika chuoni asiridhike na picha za wahitimu ukutani. Aulize kama chuo kimeidhinishwa, kisha athibitishe mwenyewe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Aulize ndege ngapi zinaruka leo, maana chuo chenye ndege nne zilizoharibika tatu kitamchelewesha mtoto miaka.

Aulize bei inajumuisha nini: mitihani, mafuta, kodi za kutua, malazi, na saa za ziada mwanafunzi asipofaulu mara ya kwanza. Alipe kwa awamu kadiri saa zinavyorukwa, asikabidhi fedha zote siku ya kwanza. Akimpeleka mtoto nje ya nchi, aulize leseni hiyo itahitaji mitihani gani ili ibadilishwe kuwa ya nyumbani.

Kisha akae na mwanawe wapige hesabu ya pili, ile inayosahaulika. Fedha za kozi zikitoka, inabaki kiasi gani cha cheti cha ukufunzi, na cha kuishi mwaka mmoja bila mshahara? Kama jibu ni sifuri, afadhali kuahirisha mwaka mmoja na kuongeza akiba kuliko kuuza kiwanja cha mwisho na kukwama bondeni na leseni mkononi.

Jioni, kabla jua halijazama, ndege ndogo hurudi Kisongo moja baada ya nyingine, kwa sababu viwanja vingi vya porini havina taa. Rubani kijana hufunga propela, hujaza kitabu chake na kujumlisha: leo saa nne na dakika 20. Mama akipiga simu kuuliza habari za kazi, hiyo ni habari nzuri ya kutosha.